Redio ya Ridhaa na Siku ya Dhiki

Mji mkubwa una vinywa vingi na masikio mengi, lakini karibu vyote hutegemea uzi mmoja. Nguzo za simu zikianguka, mtambo wa umeme ukizimika, au mnara ukivunjika, mji uliokuwa ukisema na dunia nzima huwa bubu na kiziwi kwa ghafula. Mafuriko, tufani na tetemeko la ardhi huua kwa maji, kwa upepo na kwa mawe. Kisha huua mara ya pili kwa kukata habari. Tabibu aliye ng'ambo ya mto hajui majeruhi wako wapi. Mwenye mashua hajui ni paa gani lenye watu juu yake. Mwenye ghala ya unga hajui ni kijiji gani chenye njaa. Msaada huwapo, na haja huwapo, lakini hapana wa kuvikutanisha.

Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja pengo hilo limezibwa mara nyingi na watu wasiotazamiwa. Hawakuwa askari wala watumishi wa posta. Walikuwa wanafunzi, makarani, wakulima na wastaafu ambao jioni zao walizitumia kwa kusemezana na watu wa mbali kwa mitambo yao wenyewe. Kazi yao yafaa kuitwa redio ya ridhaa, kwa kuwa huifanya kwa kupenda na bila ya ujira. Sheria za nchi nyingi huwataka wafaulu mtihani, wapate leseni, na wapewe jina la kujitambulisha la herufi na tarakimu. Wala haziwaruhusu kupokea malipo kwa habari wanazopeleka. Jirani huona mlingoti na nyaya juu ya paa, husikia mlio wa nukta na vistari usiku wa manane, akasema huo ni mchezo. Ni kweli, ni mchezo. Lakini historia ya mchezo huo yafundisha jambo zito juu ya maana ya kujitegemea, na juu ya wakati ambao wokovu wa watu hutayarishwa.

Mchezo ulianza kwa kudharauliwa. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini vijana wengi wa Marekani na Ulaya walijifunza kuunda mitambo ya simu ya upepo kwa waya, chupa na vipande vya shaba. Baada ya meli ya Titanic kuzama mwezi wa Aprili 1912, Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuleta utaratibu hewani. Meli, majeshi na makampuni walipewa mawimbi marefu, ambayo wataalamu wa siku zile waliyaona kuwa ndiyo yenye manufaa. Watu wa ridhaa walitupiwa mawimbi ya mita 200 na yaliyo mafupi kuliko hayo, kwa imani kwamba hayangefika mbali, na kwamba wenye kuyatumia wangechoka na kutoweka.

Hawakutoweka. Mwaka 1914 mhandisi mmoja wa mji wa Hartford, Hiram Percy Maxim, alitaka kupeleka habari katika mji wa Springfield. Mwendo wenyewe si mrefu, lakini mtambo wake haukuweza kufika huko. Akamwomba mwenzake aliyekaa katikati ya njia, mahali paitwapo Windsor Locks, aipokee habari na kuipeleka mbele. Kama wapagazi wanavyopokezana mzigo, ndivyo neno lilivyopita toka mkono hadi mkono mpaka likafika. Katika jambo hilo dogo Maxim aliona jambo kubwa, na mwaka ule ule, pamoja na Clarence Tuska, alianzisha chama kilichoitwa American Radio Relay League. Jina lenyewe latoa siri yake, maana ni chama cha kupokezana. Tangu mwanzo nguvu ya watu hawa haikuwa katika mtambo wa mtu mmoja, bali katika mnyororo wa watu wanaoaminiana.

Mawimbi yaliyodharauliwa nayo yakatoa hazina yake. Mwezi wa Novemba 1923 Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, alisemezana na Fred Schnell wa Connecticut, Marekani, kwa wimbi la mita mia moja na kitu, kuvuka bahari ya Atlantiki. Tarehe 18 Oktoba 1924 Frank Bell, katika shamba la kondoo huko New Zealand, aliitikiwa na Cecil Goyder, kijana wa shule moja ya London. Na baina yao karibu nusu ya dunia. Mawimbi mafupi hupanda angani, hugota katika tabaka la juu la hewa, hurudi chini mbali sana, na huenda yakapanda tena. Ndiyo sababu ya manufaa yake katika msiba. Kati ya mwenye kusema na mwenye kusikia hapana nguzo ya kuangushwa, wala waya wa kukatwa, wala daraja la kuchukuliwa na maji. Njia yao i mbinguni, na mbingu haifuriki.

Ushahidi wa jambo hilo ulitokea mwaka 1928. Tarehe 25 Mei chombo cha anga Italia, kilichoelea kwa gesi chini ya uongozi wa Umberto Nobile, kilianguka juu ya barafu kaskazini ya visiwa vya Svalbard, kikirejea kutoka Ncha ya Kaskazini. Watu tisa walibaki hai juu ya barafu. Fundi wao, Giuseppe Biagi, alikuta mtambo mdogo wa mawimbi mafupi umesalimika. Akasimamisha mlingoti, akaanza kuita. Meli yao ya msaada, iliyokuwa karibu kuliko masikio mengine yote, haikuwasikia. Yamkini sababu moja ilikuwa tabia ya mawimbi yale ya kuwaruka walio karibu na kuwaangukia walio mbali. Siku zikapita katika baridi na kukata tamaa. Tarehe 3 Juni Nikolai Schmidt, kijana mpenzi wa redio katika kijiji cha Voznesenye-Vokhma nchini Urusi, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka pale, alinasa maneno machache yaliyokatikakatika katika kipokezi alichojiundia. Habari ikafika Moscow, kisha Italia. Baada ya mashaka mengi, tarehe 12 Julai meli ya kuvunja barafu Krasin iliwafikia waliokuwa wamesalia.

Serikali kadhaa zilipeleka meli na ndege kuwatafuta watu wale, lakini sikio lililowasikia kwanza lilikuwa la kijana wa kijijini. Hakuajiriwa kusikiliza, alikuwa akisikiliza kwa sababu alipenda kusikiliza. Laiti angengoja kuamriwa, kwanza ingetakiwa mtu ajue kwamba kuna jambo la kusikilizwa, na hilo ndilo ambalo hapana aliyelijua.

Baada ya hapo wenye vyama walianza kuona kwamba bahati ya namna hiyo haifai kuachiwa bahati. Mwezi wa Juni 1933 watu wa ridhaa wa Marekani walianza desturi ya kutoka majumbani mara moja kwa mwaka, wakakaa mashambani kwa mahema na betri, na kushindana kuita wenzao wengi kadiri wawezavyo bila ya umeme wa mji. Mtu apitaye angeona watu wazima wakicheza. Kumbe katika mchezo ule walijifunza kufunga eriali gizani, kupima maisha ya betri, na kupata usingizi kwa zamu. Mwaka 1935 chama chao kilianza kuandikisha watu wa kujitolea kwa ajili ya dharura. Mafunzo hayo hayakungoja muda mrefu kujaribiwa. Mwezi wa Machi 1936 mito ya kaskazini mashariki ya Marekani ilifurika, na mwezi wa Januari 1937 mto Ohio ulipanda ukazamisha miji mingi. Safari hii serikali yenyewe iliamuru baadhi ya mawimbi ya watu wa ridhaa yaachwe kwa habari za mafuriko peke yake. Waliotupiwa mawimbi kama makombo sasa walifungiwa mlango ili wasisumbuliwe kazini.

Utaratibu waliojifunza wastahili kutajwa, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba shida katika msiba ni kupata chombo cha kusemea. Chombo kikiwa mikononi mwa watu mia wasemao kwa pamoja ni sawa na kutokuwa nacho. Katika mtandao wa dharura mtu mmoja hufanywa msimamizi, na wengine wote hunyamaza mpaka waitwe. Kila habari hupewa namba, daraja ya haraka yake, jina la aliyeitoa, na hesabu ya maneno yake, ili mpokeaji aweze kuhakikisha kwamba hakuna lililopotea njiani. Habari ya mtu anayekufa hutangulia habari ya mtu anayetaka kujua hali ya shangazi yake. Jina gumu husemwa herufi kwa herufi. Mwenye kupokea hasemi amepata mpaka awe amepata kweli. Adabu hii ya kunyamaza ni ngumu kuliko ufundi wa kusema, na haifundishwi kwa siku moja.

Juu ya hayo yote, serikali hazikuacha kuwaogopa watu hawa. Mtu awezaye kusema na nchi ya mbali bila ya kupita posta ni rafiki wa thamani wakati wa gharika, na ni mtu wa kushukiwa wakati wa vita. Marekani iliwanyamazisha wote mwaka 1917, na mara ya pili ilipoingia vitani mwezi wa Desemba 1941. Uingereza ilichukua mitambo yao ya kupelekea habari mwaka 1939. Kisha, kwa siri, ikawatafuta mamia miongoni mwao wakae majumbani na vipokezi vyao, wasikilize alama za wapelelezi wa Ujerumani na kuziandika. Ulimi ulifungwa, sikio likaazimwa. Kwa Schmidt mambo yalikuwa mabaya zaidi. Aliyesifiwa mwaka 1928 alikamatwa na watawala wa nchi yake, akauawa mwaka 1942. Jina lake lilisafishwa baada ya miaka mingi.

Mvutano huu kati ya sheria na haja ulionekana wazi usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953. Dhoruba ya bahari ya Kaskazini ilivunja kuta za kuzuia maji nchini Uholanzi, na watu 1,836 wakafa katika nchi hiyo. Uingereza nayo ilipoteza watu 307 katika pwani yake ya mashariki. Vituo vya redio vya Uholanzi vilikuwa vimefunga matangazo usiku wa manane kama ilivyokuwa desturi, hata wengi wakaamshwa na maji yenyewe. Katika kisiwa cha Schouwen-Duiveland nyaya za simu zilikatika, na mji wa Zierikzee ukawa peke yake katikati ya maji. Mjini humo alikuwapo kijana mmoja mpenzi wa redio ambaye hakuwa na leseni. Kwa vifaa vya dukani aliunda mtambo, akaita, akasikiwa. Watu wa ridhaa wa sehemu nyingine za Uholanzi walikuwa wakijifungamanisha katika mtandao wa dharura, na kwa siku kadhaa mtandao huo ulichukua maombi ya mashua, dawa, magunia ya mchanga na watu wa kuokoa.

Kwa kitabu cha sheria kijana yule alikuwa mkosaji. Kwa watu wa Zierikzee alikuwa ndiye mlango pekee uliobaki wazi. Hapana mwenye akili atakayesema kwamba kwa sababu hiyo leseni hazina maana, kwani hewa isiyo na sheria huwa soko la makelele. Lakini kisa kile chauliza swali ambalo kila mtawala hana budi kulijibu. Ruhusa yaweza kutolewa kwa dakika moja. Ujuzi, je, utatolewa kwa dakika ngapi? Waingereza walijibu kwa tendo. Mwaka ule ule wa 1953 watu wao wa ridhaa waliunda mtandao wa dharura uitwao RAYNET. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ufa wa mwaka ule ulikuwa umeonekana na wote.

Nusu karne baadaye swali lile lile liliulizwa tena, safari hii katika Bahari ya Hindi. Serikali ya India ilikuwa imezuia redio ya ridhaa kwa miaka mingi katika visiwa vya Andaman na Nicobar kwa sababu za usalama. Baada ya maombi marefu, ruhusa ilitolewa kwa muda mfupi mwezi wa Desemba 2004, na kundi dogo lililoongozwa na Bharathi Prasad lilifika mji wa Port Blair. Halikwenda kwa ajili ya msiba wowote. Lilikwenda kwa mchezo, ili wapenzi wa redio wa dunia nzima wapate fahari ya kusemezana na visiwa vilivyokuwa vimenyamaza. Tarehe 26 Desemba ardhi ilitetemeka, bahari ikainuka. Umeme na simu vikakatika. Kundi lile liliacha mchezo papo hapo, likaanza kupeleka na kupokea habari kati ya visiwa na India bara. Baadaye mtambo mwingine ukapelekwa Car Nicobar, kisiwa kilichoumizwa vibaya. Mawimbi yale yale ya bahari yalivuka maji kwa saa nyingi yakaua watu hata katika pwani za Somalia, Kenya na Tanzania. Na katika mwendo wote huo wa saa nyingi, habari ilikuwa na nafasi ya kutosha kulitangulia maji, lau njia za kuipitisha zingalikuwa tayari.

Katika Port Blair bahati ilifanya kazi ya utaratibu. Kama msiba ungetangulia mwezi mmoja, visiwa vingekuwa na watu, na India ingekuwa na mafundi, lakini visingekutana kwa wakati. Mataifa yalikwisha kuliona jambo hili. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2003 kanuni za dunia za redio zilirekebishwa, na serikali zikahimizwa ziwawezeshe watu wa ridhaa kujiandaa kwa misiba. Neno lenye uzito hapo ni kujiandaa. Halikusemwa kuitwa, lilisemwa kujiandaa.

Hapo ndipo yafaa kuwatazama watu wa zama hizi ambao, katika Marekani hasa, wamefanya kujitegemea kuwa mwendo wa maisha. Tangu hofu ya mabomu ya nyukilia katika miaka ya 1950 na 1960, wako watu wanaoweka akiba ya chakula, maji, dawa na mafuta, wakitazamia siku ambayo serikali haitafika. Si haki kuwacheka. Tufani Maria ilipoipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017, zaidi ya tisa katika kila minara kumi ya simu za mkononi ilinyamaza, na shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani lilikiomba chama kile kile cha Maxim lipatiwe watu 50 wa redio. Dola tajiri ilitafuta msaada kwa watu wa mchezo. Asemaye kwamba hali hiyo haiwezi kutokea tena hajasoma historia.

Lakini katika akiba hizo mara nyingi huwamo redio ndogo ya mkononi, ya bei rahisi, iliyonunuliwa na kufungiwa sandukuni pamoja na mishumaa. Mwenyewe hana leseni, hajapata kuita, hajui nani atamwitikia. Redio ya namna hiyo hufika kilomita chache tu, isipokuwa ipitishwe katika mtambo wa kurudishia sauti ulio mlimani au mnarani. Na mtambo huo hutunzwa na watu wa chama, kwa fedha zao na jasho lao. Basi mtu huyo anayejiona amejitegemea, kwa kweli amewategemea watu ambao hajawahi kuwasalimu. Sheria huweza kumsamehe mwenye kuita bila ya leseni akiwa katika hatari ya kufa. Mawimbi hayamsamehe asiyejua kuyatumia.

Katika Afrika ya Mashariki neno kujitegemea lilipata uzito wake wa siasa katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, na huko liliandamana na neno ujamaa. Maneno hayo mawili yakitenganishwa, la kwanza hupotea njia. Mtu mwenye unga peke yake anaweza kula peke yake. Mwenye kisima peke yake anaweza kunywa peke yake. Lakini hapana awezaye kusemezana peke yake. Kati ya vyombo vyote vya akiba, redio ndiyo isiyo na maana hata chembe kwa mtu aliyejitenga. Thamani yake yote imo katika sikio la mwingine, ambaye hana budi kuwa macho, kuwa na ujuzi, na kuwa na nia njema.

Zipo njia mpya sasa, za satelaiti na nyinginezo, nazo zimepunguza haja ya nukta na vistari katika misiba mingi. Huo ni uzuri, wala hapana sababu ya kuwahurumia wapenzi wa redio kwa ajili yake. Lakini kila njia mpya inayokuja na mwenyewe aliye mbali, na bei, na ufunguo wa kufungia, huacha mahali pa watu wa karibu wanaojua kutengeneza chombo chao kwa mikono yao. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na rafiki wa siku ya dhiki hupatikana katika siku za raha, wakati ambapo urafiki wake waonekana kuwa ni kupoteza wakati. Windsor Locks, Voznesenye-Vokhma, Zierikzee na Port Blair zasema neno moja. Siku ya msiba haiumbi wajuzi. Huwakuta walipo, au huwakosa.